Siku Nkuba Alipomkana Mdogo Wake

Malimi alifungua pazia la kulia akaona macho.

Akafungua la kushoto. Macho.

La nyuma, pale juu ya kitanda, ndiyo usiseme kabisa. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye majani, wanaume kwa wanawake, wengine wameshika fimbo, wengine mapanga ya kufyekea. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Na hicho ndicho kilichomtisha. Umati unaopiga kelele unaweza kuongea nao. Umati ulionyamaza umeshamaliza kuongea.

Jua ndio kwanza lilikuwa linachomoza juu ya mbuga ya Usangu. Yeye yuko ndani ya gari lake, Kombi, kaptula tu mwilini, matairi yamezama kwenye tope hadi katikati.

Pa kukimbilia hakuna.

Mzee Malimi alinihadithia haya mwenyewe, amekwisha kuwa na mvi. Kuna mahali akifika alikuwa ananyamaza, anaangalia mikono yake, kisha anaendelea. Na mimi nikifika hapo nitawaambia.

Turudi nyuma kidogo.

Mwaka huo wa sabini na saba Malimi alikuwa fundi magari kule Kurasini, Dar es Salaam. Msukuma wa Shinyanga, kijana wa watu, mpole, hana makuu. Aliondoka kwao akiwa bado hajaota ndevu kwenda kutafuta maisha. Huku nyuma baba akafariki, na kaka yake Nkuba akamchukua mama yao, Mbuke, wakaswaga ng'ombe kuelekea kusini kutafuta malisho. Wakapotea. Malimi akawa na ndugu ambao hajui wanalala wapi.

Miaka ikapita hivyo hivyo.

Halafu siku moja akaja gereji dereva wa lori la mchele, mtu wa Chimala. Wakapiga stori wakati Malimi yuko chini ya lori. Dereva akasema, "Wasukuma wenzako wamejaa kule kwetu mbugani siku hizi. Kuna mmoja anaitwa Nkuba, ana kovu la pembe ya ng'ombe shavuni. Anamtunza mama yake kama yai."

Malimi akatoka chini ya lori na spana mkononi, machozi yanamtiririka. Kovu lile alikuwepo siku linapatikana.

Sasa hiyo Kombi. Kuna Mzungu mmoja alikuwa akipima mito, gari likamfia njiani, akalivuta mpaka gereji. Mkataba wake ukaisha, akamwambia Malimi, "Chukua." Akapanda ndege. Malimi akahangaika nalo mpaka likawaka. Ndani lilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la mafuta ya taa, kikaro kidogo cha kuoshea vyombo, na mapazia madirishani. Watoto wa Kurasini wakalibatiza jina: Gesti.

"Nitaenda nayo kwa mama," alimwambia mkewe Kalista. "Nimlaze kwenye kitanda cha Kizungu, nimrudishe nayo huku akuone."

Kalista alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Akasema, "Nenda peke yako basi, lakini nenda kwa akili. Watu wa bara hawajakuzoea."

"Bara ndiko kwetu, mama."

Akaondoka.

Mlima Kitonga aliupanda kwa gia namba moja, malori yanampigia honi nyuma, injini inanuka kama pasi iliyosahauliwa. Iringa akalala nje ya mji. Mafinga akakuta ukungu na harufu ya mbao mbichi, akanunua shuka la pili maana baridi ya huko haina huruma. Makambako upepo ulilitikisa Gesti usiku kucha kama mtu anayegonga mlango.

Lakini alikuwa na raha. Anapika chai yake, anafungua mlango, anakaa kwenye kizingiti anatazama milima. Alijiona kama mfalme.

Alipoteremka kuelekea Chimala akauliza njia. Wakamwelekeza: kata kulia, ingia mbugani, fuata nyayo za ng'ombe.

Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Gari likaenda, likaenda, likaserereka, likazama. Giza likamkuta hapo. Mbali kidogo aliona moshi wa nyumba. Akajisemea, kesho asubuhi nitaomba maksai wanivute. Akavuta mapazia, akalala usingizi wa pono.

Jambo ambalo hakulijua ni hili.

Katika kijiji kile mtoto alikuwa amepotea. Binti mdogo wa mkulima mmoja anayeitwa Gideoni. Alitumwa kuni akawa hajarudi. Kijiji kizima kimemtafuta kwenye mashamba ya mpunga, kwenye mifereji, kwenye vichaka. Hamna.

Na zama zile, mtoto akipotea, neno la kwanza midomoni lilikuwa moja.

Mumiani. Wanyonya damu. Watu wanaotembea na gari lililofunikwa, wanalaza watu kitandani, wanawavuta damu na kwenda kuiuza.

Halafu asubuhi unakuta gari jeupe mbugani. Lina mapazia. Lina kitanda.

Hebu jiweke wewe mahali pao.

"Toka nje!" Huyo alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Jailos, mtu mzima mwenye koti la mvua.

Malimi akatoka. "Shikamoo mzee."

Haikuitikiwa.

Gideoni akampita, akaingia ndani ya gari kama mwendawazimu. Akafunua godoro. Akafungua kabati. Akaita jina la mwanawe humo ndani, ndani ya kabati ambalo hata paka hatoshi. Malimi alisema sauti ile ilimkata maini. Alitamani mtoto awemo kweli, baba wa watu apumzike.

Gideoni akatoka na vitu viwili. Mpira mrefu. Na ndoo.

Mpira ulikuwa wa kunyonyea petroli. Ndoo ilikuwa na mabaki ya rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu, imekauka kwenye kingo.

Umati ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Hii nini?" Gideoni aliuliza. "Nakuuliza, hii nini?"

"Rangi, kaka. Rangi ya gari. Nusa."

Nani anuse? Fimbo ya kwanza ikatua begani. Ya pili ikatua kichwani. Akaanguka kwenye tope akiwa amejikunyata.

"Nina ndugu hapa!" alipiga kelele. "Nina kaka yangu hapa! Nkuba! Ana kovu shavuni! Mwiteni Nkuba!"

Mwenyekiti akainua mkono. Fimbo zikasimama hewani.

"Nkuba yule mwenye ng'ombe?"

"Ndiye! Tumenyonya ziwa moja!"

Mtu akatumwa mbio. Malimi akalala pale kwenye tope, damu inaingia jichoni, akawa anashukuru Mungu. Amekwisha kupona. Kaka anakuja.

Walichukua muda. Kisha umati ukapasuka katikati, akaja mwanaume mrefu, kovu shavuni. Amezeeka kidogo. Tembea yake ni ile ile ya baba yao, bega moja limeshuka.

Malimi akaita kwa Kisukuma. Akamwita kwa jina la utotoni. Akamwambia, mimi ni mdogo wako, nimekuja kumwona mama.

Nkuba akamtazama usoni. Akamtazama sana.

Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mtu huyu simjui."

Hapa ndipo mzee Malimi alipokuwa ananyamaza.

"Anaongea lugha yenu," Jailos akasema.

"Lugha inajifunzwa. Simjui."

"Nkuba!" Malimi alilia. "Kaka! Niangalie!"

Nkuba hakumwangalia tena. Alimfuata Gideoni, akasimama naye uso kwa uso.

"Gideoni, sikiliza. Mkimuua hapa, nani atakuonyesha binti yako alipo? Maiti haionyeshi njia. Mpelekeni polisi wamhoji aseme. Kama mna hasira, tuchome gari."

Gideoni akawa anahema tu. Lile neno "alipo" lilikuwa limemwingia. Lilikuwa na matumaini ndani yake.

"Wewe si ndugu yake kweli?"

"Ningekuwa ndugu yake ningekwambia uchome gari?"

Na ni Nkuba mwenyewe aliyemwaga mafuta ya taa. Ni Nkuba aliyewasha kiberiti.

Malimi aliona mapazia aliyoshona Kalista yakishika moto. Akaona kitanda alichokusudia kumlaza mama yake. Petroli ilipolipuka, watu wakarudi nyuma wakishangilia, na yeye akafunga macho. Anasema hakuwa na maumivu tena ya fimbo. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamzunguka kichwani: amenitazama, amenijua, akasema hanijui.

Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, mgambo wawili mbele, wawili nyuma. Wakampitisha kando ya nyumba za Wasukuma, karibu na boma la ng'ombe. Kutoka nyumba moja alisikia kikohozi cha mwanamke mzee. Kikohozi kile alikijua tangu tumboni.

"Mama!" alijaribu. Sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Mgambo akamsukuma. Wakapita.

Kituo cha polisi kilikuwa kwenye barabara kuu, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Sajenti mmoja, Sedekia, akaupokea mpira na ndoo kama vielelezo. Akainusa ndoo. Akawatazama wale mgambo.

"Hii rangi," alisema.

Lakini akamweka ndani vilevile. "Usalama wako, kijana. Nikikuachia sasa hivi hufiki mbali."

Ukiwa mahabusu unawaza. Malimi aliwaza mpaka akakinai. Akaapa kwamba Nkuba kwake amekufa. Akitoka pale atarudi Dar, na mtoto wa Kalista hataambiwa kama ana baba mkubwa.

Siku ya pili, jua limepanda, sajenti akamfungulia mlango.

"Mtoto kapatikana. Alivuka mto kwenda kwa bibi yake, maji yakajaa nyuma yake, akashindwa kurudi. Mzima wa afya. Uko huru." Akaelekeza kidole nje. "Na una wageni."

Nje, chini ya ukuta, kulikuwa na baiskeli. Nkuba ameishika. Kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa, ameketi kikongwe mdogo kama mtoto.

Malimi aligeuza uso ukutani.

"Mdogo wangu," Nkuba akaanza.

"Mimi hunijui. Ulisema mwenyewe."

Nkuba akainamisha kichwa. Jitu zima lile lenye ng'ombe likawa linalia limesimama, limeshika usukani wa baiskeli isianguke na mama.

Ndipo yule mama akazungumza.

"Usimseme kaka yako. Mimi ndiye niliyekukana."

Malimi akageuka.

"Walipokuja kumwita nyumbani, walisema mumiani amekamatwa, anadai ni ndugu yenu. Tukajua ni wewe. Nani mwingine angetaja kovu? Kaka yako alichukua mkuki. Alitaka kuja kufa na wewe. Nikamshika shati. Nikamwambia: sisi ni wageni hapa, tuna misimu miwili tu. Ukisema ni ndugu yako, utakuwa mumiani wa pili. Hawatakusikiliza tena. Nitazika wawili kwa siku moja. Kaseme humjui, ndipo utaweza kumwombea."

Akakohoa.

"Hakutaka. Nikamwapiza kwa ziwa langu. Hata lile gari, mimi ndiye niliyesema awape kitu cha kuchoma. Na ulipopita pale nje ukaniita, nilikusikia. Nilijiziba mdomo kwa khanga. Ng'wanone, mwanangu, nimeuma khanga ile mpaka imetoboka."

Malimi akaenda akapiga magoti kwenye changarawe. Mama akampapasa kichwa, kidole kwa kidole, akitafuta vidonda. Kila alipokipata kimoja alisimama hapo kidogo, kisha anaendelea.

"Gideoni je?" Malimi aliuliza baadaye, walipokuwa wamekaa wote watatu wakigawana viazi vya kuchemsha.

"Tangu binti arudi amelala ameelekea ukutani kwa aibu," Nkuba akajibu. "Hali chakula, hasemi."

Sajenti Sedekia alishauri Malimi asirudi kijijini. Si kila mtu angeamini habari ya mto. Jioni ile akamtafutia lori la mbao linaloelekea Dar. Nkuba akambeba mama kumpandisha kwenye baiskeli. Nkuba akavua shati lake, akampa. Malimi alikuwa bado na kaptula tu na blanketi la polisi.

Lori likaondoka.

Mama Mbuke alifariki msimu wa mvua uliofuata. Habari zilimfikia Malimi mama amekwisha kuzikwa. Safari ndefu yote ile, na hakuwahi kulala hata usiku mmoja nyumbani kwa mama yake. Mpaka ananihadithia, hilo hakuwa amelipatia dawa.

Mimi nimebaki na hili tu la kuwaachia, ndugu zangu. Yupo mtu anayekukana kwa sababu hakupendi. Na yupo anayekukana huku ameishika roho yako mkononi, anatafuta mlango wa kuipitishia. Siku ile ya fimbo wote wawili wana sauti moja na uso mmoja, hutaweza kuwatofautisha. Kwa hiyo usiape haraka. Ngoja kwanza uone nani atakuja na baiskeli.