Dawa ya Kung'arishia Vyuma vya Mashua

Kuna watu wanaosema kisasi huisha utamu pindi ukishakipata. Mimi nilikipata changu Homa Bay, kwenye ufuo wa mawe karibu na gati, na mpaka leo nikikikumbuka ninajilamba midomo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati gugumaji lilipolifunga ziwa hata ukadhani ni shamba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwetu Ntimaru, na miguu yangu ilikataa kutulia nyumbani. Rongo niliosha sufuria katika hoteli ya kando ya barabara. Rodi Kopany nilipakia magunia siku za soko. Kutoka hapo niliteremka hadi ziwani, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa inateremka.

Tajiri mmoja alikuwa na mashua ya injini iliyokuwa ikivusha abiria kwenda visiwani. Gugu lilipoifunga, aliamua kumuuzia mtu wa Kisumu. Mashua ilikuwa nzima, ila vyuma vyake vya aluminiamu vilikuwa vimefubaa: propela, fremu ya kioo cha mbele, reli za kushikilia, na vile vishikizo vya kufungia kamba. Vilikuwa vya kijivu, vina madoadoa kama ngozi ya kenge. Mimi niliajiriwa kuvisugua. Nilivifungua kimoja kimoja, nikavitandaza juu ya turubai, nikawa nasugua kwa msasa, mchanga laini na kipande cha gunia tangu jua linapochomoza.

Aliyenisimamia alikuwa kapteni wa mashua hiyo. Kwa kuwa hakuwa na mashua ya kuendesha, aliniendesha mimi. Hakuwahi kuniuliza jina. Aliniita jamwa, neno wanalomwitia Wajaluo mtu wa lugha nyingine. Wapo waliolitamka neno hilo kwa mzaha, wakanigawia samaki huku wakicheka. Yeye alilitamka kama mtu anayetema mwiba. Kusugua kwangu nako kulimchekesha. Aliwaambia wavuvi kwamba huko kwetu Kuria wanaume ndio huosha vyombo, na kwamba nikimaliza propela nitapelekwa kwake nikamalizie sahani.

Hayo niliyavumilia. Maneno hayachubui.

Kisha mama yangu akaja kuniona. Alitoka Ntimaru alfajiri, akabadilisha magari njia nzima, na mapajani alikuwa amepakata kibuyu cha maziwa ya mgando, akikishika kama mtoto mchanga. Kijaluo hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei ya ndizi. Alinikuta nimepiga magoti kwenye turubai. Kabla sijanawa mikono, kapteni alikwisha kukichukua kile kibuyu mikononi mwa mama, akakifungua na kunusa. Kwetu kibuyu husafishwa kwa mkaa wa mti maalumu, kwa hiyo maziwa huwa na chembe nyeusi na harufu ya moshi. Ndiyo sifa yake.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wachuuzi wa samaki, "hii ni maziwa ama ni maji ya kuoshea sufuria?"

Watu wakacheka. Mama naye akatabasamu, kwa adabu ya mgeni.

"Basi wacha ioshe kazi ya kijana yako." Akakiinamisha kibuyu, akamwaga yote juu ya vyuma vyangu, mpaka tone la mwisho.

Nilisimama na ngumi imejaa. Lakini nilipomtazama mama, nilimwona ameinamisha kichwa na kukunja mikono kifuani. Kwetu maziwa hayamwagwi ovyo. Mtu akikimwagia kitu maziwa, amekibariki. Mama aliamini kwamba mkubwa wa kazi yangu, mtu asiye wa kabila letu, ameibariki kazi ya mwanawe mbele ya watu wote. Akamshukuru kapteni kwa Kikuria, maneno marefu, macho yamemlowa. Kapteni akamjibu kwa Kijaluo, na waliosikia wakacheka tena.

Ningempiga, mama angejua. Kwa hiyo nilifungua ngumi. Nilimsindikiza mama hadi stendi, na njia nzima alinisifia watu wa ziwani. Alikwenda kuwasimulia majirani wote. Amezikwa na imani hiyo, na sikuwahi kumwondolea.

Siku hiyo sikuvigusa tena vyuma. Asubuhi yake nilipofuta yale maziwa yaliyokauka, chini yake aluminiamu ilikuwa imetakata, nyeupe, kama ukucha wa mtoto. Hapo nikaelewa. Si maziwa, ni ule uchachu. Nikanunua ndimu sokoni, nikazikamulia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikawa naloweka kitambaa, napaka, nasubiri, nasugua kwa mchanga laini, kisha namalizia kwa kitambaa kikavu. Vyuma vikaanza kuwaka. Wanawake waliokuja kuteka maji walijitazama kwenye fremu ya kioo na kurekebisha vilemba.

Tajiri alipokuja kukagua, kapteni alimwambia kwamba kazi hiyo ameifanya yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika kitambaa. Tajiri akamshika bega, akasema atamwombea kwa mnunuzi abaki kapteni wa mashua hiyo huko Kisumu. Kazi hiyo ndiyo aliyoitaka kuliko kitu chochote. Ufuo ulikuwa umejaa watu waliokosa kazi kwa sababu ya gugu, naye hakutaka kuwa mmoja wao.

Jumamosi alinijia akiwa mpole. Mnunuzi angefika kesho baada ya ibada, na nusu ya vyuma, pamoja na propela, vilikuwa bado vya kijivu. Alichuchumaa karibu yangu, akakitazama kile kichupa cha kahawia.

"Jamwa, hiyo ni dawa ya kwenu, si ndiyo? Nifunze hiyo dawa, halafu wewe uende ukapumzike."

Nilijua kupumzika huko ni kupumzika gani. Vilevile nilijua kitu kingine, nilichojifunza Rongo nikiosha sufuria. Mpishi alikuwa akizipikia mboga za kienyeji kwa magadi, na kila sufuria ya aluminiamu iliyochemkia magadi ilinijia imeungua weusi ambao kucha zako zinaweza kwisha na wenyewe usiishe. Hakuna mwanamke wa ziwani asiyejua hivyo. Lakini mwanamume wa kule haingii jikoni. Hufika mezani mboga zikiwa laini, akala, akanawa. Sufuria hana habari nayo.

Nikamwambia dawa ni magadi. Atie maji kwenye pipa, ayachemshe, atie magadi kwa wingi, kisha atumbukize vyuma.

Akafikiri. "Magadi hii ya mboga?"

"Kitu kinacholainisha mboga ngumu, bwana, kitashindwa na uchafu wa chuma?"

Ikamwingia. Nikaongeza, kwa uzito wa mganga, kwamba dawa hii haipendi kuchunguliwa. Aifunike kwa magunia, na asiifunue mpaka mbele ya macho ya mnunuzi. Hilo alilipenda zaidi. Nilipokuwa naondoka, nilimwona akitumbukiza hata vile nilivyokwisha kuving'arisha, ili ving'ae zaidi. Hilo sikumshauri. Tamaa yake ilinisaidia kazi.

Jumapili nilikwenda ufuoni nimevaa shati langu safi. Nilisimama katikati ya wanawake, mikono mfukoni. Tajiri alishuka na mnunuzi, mtu mnene mwenye viatu visivyopenda mawe. Tajiri akamnyooshea kapteni kidole.

"Ni huyu. Vyuma vyote amesugua kwa mkono yake mwenyewe. Utaona."

Kapteni akafunua magunia na kuinua propela kwa kamba. Ilitoka nyeusi. Si kijivu cha zamani, bali nyeusi ya masizi, imetoka vishimo, inachuruzika maji machafu. Akaiweka chini haraka, akaingiza mkono kuivuta fremu ya kioo, ile iliyokuwa ikiwarembesha wanawake. Nayo ilikuwa nyeusi. Akavuta reli. Kila alichokivuta kilikuwa cheusi kuliko cha kabla yake, na bado akaendelea kuvuta, kama mtu anayetumaini kwamba chini ya pipa kuna pipa jingine.

Mnunuzi akamuuliza tajiri kama hata injini imetunzwa na mtu huyu huyu. Tajiri alimtazama kapteni na kumuuliza ni nani amefanya kazi hii.

Nilimwona kapteni akinitafuta kwa macho, akanipata. Nikamtazama bila kupepesa. Angesema ni jamwa, ingembidi aeleze kwa nini siku zote alisema ni yeye. Angesema alifundishwa, ingembidi aseme na nani. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Nilikinywa kimya kile, funda kwa funda.

Mkewe ndiye aliyemmaliza. Alikuwa pale na wenzake wa kanisani. Alisogea penye pipa, akachovya kidole, akakionja na kutema. Kijaluo changu kilikuwa kimekua kiasi cha kumwelewa.

"Magadi?" akasema. "Baba watoto, magadi kwenye aluminiamu?"

Wanawake wakaanza kucheka, kwanza kwa chini, wakijifunika na leso, kisha bila kujificha. Yeye mwenyewe hakucheka. Alimsogelea mumewe na kumuuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Kwa nini hukuniuliza?"

Kapteni alitazama ziwani, kwenye lile gugu lisilo na mwisho, na maji meusi ya propela yakamfikia viatuni. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupanda kurudi kwenye gari.

Nilingoja nisikie atamjibu nini mkewe. Aliinama, akairudisha propela pipani, nami nikaenda zangu.