Fimbo ya Muthoki Mlimani Nzaui

Muthoki alikuwa anapiga watu. Wacha niliseme mapema, maana siku ya mazishi yake walisimama mmoja mmoja wakausifu upole wake. Upole! Mimi Mbula, jirani yake tangu tuolewe, nusura nicheke mbele ya jeneza.

Kazi yake ilikuwa kupandisha watu Nzaui, mlima huu ulio juu ya Matiliku, ambao upande mmoja umekatika mwamba mtupu. Alikuwa akiwapandisha wanafunzi, wageni wa Nairobi, na watu wa makanisa waliotaka kuomba kileleni. Mkononi alibeba fimbo ya mkwaju. Ukitoka kwenye mstari, pa! Ukitupa karatasi ya mkate, pa! Ukimwacha nyuma mwenzako aliyechoka, unakula mbili. Na ukiwasha kiberiti, huyo mama alikuteremsha mlima kwa mawe. "Huku hakuna daktari," alikuwa akisema. "Heri ulie sasa."

Mwaka wa 1984 mvua ilikataa kabisa. Ng'ombe walikufa wamesimama. Kanisa letu likaamua kufunga na kupanda Nzaui kuomba mvua. Kiongozi wetu alikuwa Mwinjilisti Nzomo, zamani utingo wa malori pale Mtito Andei, ameokoka juzi juzi na sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Ndiye aliyekuwa amemchumbia Ndinda, binti pekee wa Muthoki. Aki, msichana yule alimwamini Nzomo kuliko alivyoamini macho yake.

Ugomvi ulianzia chini, kabla hatujapanda.

"Aliyefunga habebi maji," Nzomo akatangaza.

"Funga, lakini beba," Muthoki akamjibu. "Maji yakikaa mgongoni yamevunja saumu ya nani?"

"Mama, hiyo ni imani haba."

Ndinda akawa wa kwanza kuweka mtungi wake chini. Tukamfuata wote, kondoo sisi. Muthoki akatema mate, akafunga kibuyu chake kiunoni.

Katikati ya mlima tukafika ithembo, ule mkuyu ambao wazee wa kale walikuwa wakitambikia. Nzomo akasimama. Akasema mvua yetu imefungwa pale, na lazima ifunguliwe kwa moto. Muthoki alikuwa nyuma kabisa akimsukuma Kiema, mzee wa kanisa mwenye pumu. Kabla hajafika mbele, kiberiti kilikuwa kimeshawaka.

Wueh! Nyasi ile haikuwa nyasi, ilikuwa petroli. Upepo ukaubeba moto, na Nzomo akapiga kelele, "Juu! Tukimbilie kileleni!" Watu wakamfuata wakiomboleza.

"Moto hupanda mbio kuliko mtu!" Muthoki akafoka. "Rudini huku! Piteni kwenye majivu!"

Alitaka tukatize pembeni, mahali nyasi ilikuwa fupi na ndimi za moto chache, tuingie kwenye ardhi iliyokwisha kuungua. Sasa niambie, nani ataingia motoni kwa hiari yake? Ndipo akaanza kupiga. Mimi alinipasua mdomo. Kiema naye alikamatwa shingoni akarushwa ng'ambo kama gunia. Aliloweka leso kwa maji ya kibuyu akatufunika vichwa, na aliyekataa alichapwa mgongoni mpaka akaruka. Tulipita tukilia, nywele zikinuka, tukaanguka kwenye majivu ya moto upande wa pili.

Hapo nikamsikia akiita, "Ndinda?"

Ndinda alikuwa juu yetu, ameshikwa mkono na Nzomo, wanakimbilia kule kwenye mwamba. Mbele yao palikuwa na hewa tu. Muthoki akarudi motoni. Tulimwona akipanda kwa mikono na miguu, gauni lake likishika moto pindoni.

"Mwaitu, mama yangu, niache!" Ndinda akalia. "Yeye ameona njia!"

Mama yake hakumbembeleza. Aliinua fimbo kwa mikono miwili akampiga kwenye muundi, na mfupa nikausikia nikiwa chini. Ndinda akaanguka. Nzomo akageuka, akamtazama pale chini, akauachia mkono wake akakimbia. Muthoki akamburuta binti yake kwa makwapa kuvuka moto, naye msichana akimng'ata mikono na kumlaani njia nzima.

Nzomo tulimkuta baadaye ukingoni mwa mwamba. Hakutambulika.

Ndinda akabaki kilema. Alihamia kwa shangazi yake, hakumsalimu mama yake hata kanisani. Kisha Ndolo, kakake Nzomo, akaenda kwa chifu kumshtaki Muthoki kwamba ametupiga na kutujeruhi, na kwamba laana ya ithembo ndiye aliyeileta. Kama Ndinda angeyakubali mashtaka hayo, Muthoki angepelekwa kortini, afungwe. Muthoki alikaa kwenye baraza la chifu na mikono yake iliyoungua. Mara moja tu alimtazama binti yake, halafu akainamisha kichwa. Mimi roho iliniuma.

"Ndinda," chifu akauliza, "nani alikuvunja mguu?"

"Mama yangu. Kwa kusudi."

"Mmesikia!" Ndolo akaruka juu. "Amekiri mtoto mwenyewe!"

Ndinda akasimama kwa mkongojo wake, akamgeukia.

"Ndugu yako hakuna aliyemvunja mguu, Ndolo. Basi mwite, aje atoe ushahidi."