Mtoto wa Jaani

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mama wawili, na yule aliyenizaa ndiye niliyekatazwa kumwita mama. Nilimwita tata, yaani shangazi. Wa kumwita mama alikuwa Ciarunji, jirani yetu, muuza ugoro wa soko la Gachoka, mwanamke wa kucheka kwa sauti ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani.

Haikuwa siri. Kijiji kizima kilijua. Mama, jina lake Veronika, alikuwa amezika watoto watatu kabla yangu. Nilipozaliwa, cucu, mama yake baba, alinifunga kwenye kitambaa kikuukuu akaniweka juu ya jaa la takataka nyuma ya boma. Ciarunji akapita, kama walivyopanga, akapaza sauti: "Ee! Nani ametupa mtoto hapa? Mimi nimeokota!" Tangu hapo nikawa wake, ingawa nilikula na kulala kwetu. Kifo kikija kutafuta mtoto wa Veronika, kisimkute. Jina nikapewa Kiara, ambalo kwa lugha yetu ni hilo jaa lenyewe.

Sharti lilikuwa moja. Mpaka niolewe, mama asitamke kwamba mimi ni wake. "Siku utasema," cucu alimwonya, "kitasikia. Kifo si kiziwi."

Sasa, mama alikuwa mtu wa kanisa, na si wa Jumapili peke yake. Kila Jumamosi alitoka na wenzake wa jumuiya kuwaendea watu ambao Padre hakuwafikia: wachoma makaa, wachota mchanga, wajane wa kule chini kuelekea mtoni. Waliwatekea maji, wakawapalilia ndengu, ndipo wakasali pamoja. Mimi nilibeba kibuyu cha uji. Na katika kila boma swali lilikuwa lile lile: "Huyu msichana ni wako?" Mama angeinamisha macho. "Ni wa Ciarunji. Ananisaidia tu." Wee, maneno hayo! Niliyasikia mara nyingi na sikuyazoea hata siku moja.

Jumamosi moja tulifika kwa mchoma makaa ambaye mke wake alikuwa na mtoto mchanga mwenye hirizi kiunoni. Mama akaanza kumweleza kwa upole kwamba Mungu anatosha, aikate tu. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, akamtazama mama. Uso wangu ulikuwa wa mama mtupu.

"Mama wa maombi," akasema, "wewe mwite huyu mtoto wako, hapa mbele yangu, na mimi nitakata hii kitu sasa hivi. Kisu ndicho hicho."

Mama alifungua mdomo. Nilimkodolea macho kwa hamu ambayo hata leo nikiikumbuka inaniuma. Halafu akaufunga. Tuliondoka bila kusali.

Mwaka huo huo nilimaliza mafundisho ya ubatizo. Nilijichagulia jina, Felista, nikawa nalitamka peke yangu nikilisha mbuzi. Lakini Padre wetu alikuwa na utaratibu wake: kabla ya maji, mzazi amshike mtoto bega mbele ya watu wote na kusema, "Huyu ni mtoto wangu, namleta kwa Mungu." Mama alimwendea katekista kumwomba Ciarunji aseme badala yake.

"Ciarunji?" katekista alishangaa. "Huyo hata ishara ya msalaba hajui! Dada Veronika, wewe ndio unafundisha watu, na unaniletea mambo ya jaa?"

Nyumbani nako cucu hakulegea. "Basi asibatizwe. Aliambiwa ubatizo ni chakula, akiukosa atalala njaa?"

Nilikuwa kama mbuzi aliyenaswa kwenye miiba, kila upande akijivuta anachomwa. Nikibatizwa nitakufa, nisipobatizwa nitabaki kuwa takataka. Nilimchukia cucu, nikamchukia katekista, na zaidi ya wote nilimchukia mama kwa kunyamaza. Sikujua kwamba yeye alikuwa amebanwa kuliko mimi.

Jumapili ikafika. Jina langu likaitwa. Mama alikuja mbele, akaniwekea mkono begani. Watoto wakaanza kucheka chini chini. Padre akangoja. Mama akanong'ona kitu.

"Hatujasikia, mama," Padre akasema.

Basi akapiga kelele hata watoto wachanga wakalia. "Ni wangu! Nimemzaa mimi! Huyu ni mtoto wangu, namleta kwa Mungu!" Cucu aliinuka kwenye benchi la nyuma akatoka nje.

Wiki haikuisha, homa ikanishika. "Nilisema, sikusema?" cucu alilia. Akamleta Ciarunji hadi kitandani kwangu. "Mrudishe kwa huyu! Sema ulikosea, kungali mapema!"

"Simrudishi," mama akasema. Uso wake ulikuwa umekwisha kwa hofu. Akanibeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka zahanati ya Kiritiri. Ilikuwa malaria. Nilichomwa sindano, nikapona, na cucu akasema kifo kilipotea njia tu.

Nilipopata nguvu tulirudi kwa yule mke wa mchoma makaa. Habari zilikuwa zimemfikia, lakini hirizi ilikuwa pale pale kiunoni mwa mtoto. Mama hakuitaja. Aliomba ampakate mtoto, wakaketi wawili hao wakizungumza mambo ya maziwa na meno. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akimwambia mtu yeyote akate hirizi.

Siku hizi mimi ndiye ninayetoka Jumamosi na jumuiya. Wenzangu hupenda kuwaambia watu kwamba mwenye imani haogopi. Hapo mimi hunyamaza, kwa sababu nilimuuliza mama, nikiwa mtu mzima, na nilijibiwa.

"Mama, siku ile kanisani, uliamini kweli sitakufa?"

Alikuwa anachagua ndengu kwenye uteo. Hakuinua kichwa. "Niliamini utakufa."

"Sasa mbona ulisema?"

"Wale watatu walikufa wakiitwa wangu," akasema. "Wewe nikaona hata nikinyamaza utakufa siku moja, ukiitwa wa jaa. Nikakataa."