Fundi wa Lizaboni na Kompyuta Mbili

Jirani yangu, fundi wa kompyuta hapa mtaani Lizaboni, hufuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa mashine yoyote, kama anayepokea mtoto mchanga. Hajawahi kumwambia mteja kwamba mashine yake ni mbovu. Juzi Mzee Gaudence, mwalimu mstaafu, alimletea kompyuta mbili: ya mezani, kuukuu, na laptop ndogo mpya aliyotumiwa na bintiye Aurelia. Gemu la mzee la mbio za magari lilikuwa likikwamakwama kwenye laptop.

“Nikimwambia binti yangu, ataumia,” alisema mzee.

Fundi aliipapasa laptop. “Haina kosa, mzee wangu. Ni nyembamba, ikipata joto inapunguza mwendo. Hii kuukuu ina feni kubwa na kadi yake ya kuendeshea picha za gemu.”

Akaliwasha gemu kwenye ile kuukuu, akamkalisha mzee. Kisha akampigia Aurelia kwa video kupitia laptop, akaigeuza imwonyeshe baba yake pamoja na skrini ya gemu.

“Dada, laptop yako imefika, ndiyo tunayokupigia. Mwone mzee anavyoendesha.”

Gari likakata kona kwa kasi. Mzee akacheka, na binti akapiga kelele kutoka mbali: “Breki, baba, breki!”