Babu Hakupigania Uhuru wa Burma

Shangazi yangu Ursula si mtu wa kelele. Amelima mpunga Michenga tangu akiwa binti, amezika mume, mafuriko yamemlia mashamba, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akigombana. Ndiyo maana asubuhi ile ya Siku ya Marehemu, sauti yake ilipofika mpaka kisimani, wanawake waliacha ndoo wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na kaka yangu Jofrey na saruji yake.

Jofrey anaishi Dar es Salaam. Mwaka huu aliamua kulijengea kaburi la babu yetu Dionisi, baba yake shangazi, ambalo miaka yote lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mti. Jambo jema, nani angekataa? Padre angekuja jioni kubariki makaburi, na Jofrey alikuwa amemwalika na diwani. Lakini kwetu maneno ya kaburini husemwa kwanza mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu, naye ndiye huyakubali au huyakataa. Mtoto mkubwa ni shangazi. Jofrey alingoja tuondoke kwenda misa ya asubuhi Ifakara, akamwambia fundi Evod achore kwa msumari kwenye saruji mbichi: DIONISI, SHUJAA ALIYEPIGANIA UHURU WA BURMA.

Tuliporudi, shangazi alishuka kwenye bodaboda, akasoma, akasoma tena, akavua khanga ya mabegani akanipa nimshikie.

"Nani kasema haya?"

"Shikamoo, shangazi," Jofrey akasema.

"Nimeuliza, nani kasema?"

"Si historia hiyo, shangazi? Babu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Walipigana na Wajapani kule Burma. Mnajua wenyewe."

"Uhuru gani alioupigania? Wa nani?"

Hapa niseme na mimi, maana hata ninapoandika damu inanichemka. Burma ilikuwa na mfalme wake. Waingereza wakaipiga vita, wakarudi wakaipiga tena, na mara ya tatu wakamng'oa mfalme wakampeleka ugenini akafie huko. Baadaye Wajapani wakawafukuza Waingereza, wakakaa wao kwenye kiti kilekile. Mwingereza alipotaka kiti chake akakumbuka kwamba ana watu huku, na hata bonde hili lilikuwa mali yake. Jumbe akaambiwa atoe vijana, akatoa wale wasio na mtu wa kuwatetea. Babu alikuwa mmoja wao. Mtu asiye huru nyumbani kwake akavushwa bahari kwenda kumrudishia bwana wake nchi ya watu wengine! Hicho ndicho Jofrey anachokiita kupigania uhuru. Waburma uhuru wao waliudai wenyewe vita vilipokwisha, wakaupata miaka mingi kabla yetu, babu akiwa ameshatupwa hapa Michenga na bega lisilonyanyuka. Na leo ukifungua redio unasikia nchi ile bado inauana, safari hii chini ya majenerali wa kwao wenyewe.

"Nyie babu yenu hamkumjua," shangazi alisema. "Mimi nilikaa naye dunguni, juu ya kichanja shambani, kuamia ndege wasile mpunga, msimu kwa msimu. Habari ya vita alinipa moja tu. Alisema walifika mahali mpunga umeiva kama huu wetu, bado kuvunwa tu. Wakaamriwa wapite katikati. Wakapita, kikosi kizima, na mabuti. Bibi mmoja akatoka kibandani na fimbo yake ya kufukuzia ndege, akawa anawapigia kelele. Baba hakujua hata neno moja la lugha yake, na alielewa yote. Aliniambia, 'Ursula, alikuwa anasema vilevile ambavyo mama yangu angesema.' Na akaendelea kukanyaga, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mzungu na bastola."

Michenga nzima ilijua kwamba Dionisi hakatishi shamba la mtu. Mvua inyeshe, awe na mgonjwa mgongoni, alizunguka kwenye tuta mpaka mwisho. Watu walimcheka. Walisema anaogopa dawa zilizofukiwa mashambani, wengine wakaenda kuzifukua kweli, wakiamini mzee ameziona.

"Kwa hiyo tuandike babu alikuwa mtumwa?" Jofrey akafoka. "Diwani anakuja, shangazi! Wanangu watasoma hapa!"

"Wanao ndio ninaotaka wasome."

"Saruji inakauka," Evod alisema taratibu.

Shangazi akapiga magoti, na kwa viganja vyake viwili akaanza kuyafuta maneno. Jofrey akamdaka mkono.

"Nishike," shangazi akasema. "Nishike vizuri, mbele ya baba yangu."

Jofrey akamwachia. Evod akapitisha mwiko, akauliza aandike nini, na shangazi akamtajia huku saruji ikimkaukia vidoleni.

Jioni padre akaja, na diwani, na watu wengi. Aliyejenga kaburi ndiye husoma, basi Jofrey alisimama na suti yake akasoma, uso umemvimba: "Dionisi. Alipelekwa Burma. Hakuulizwa. Alikanyaga mpunga wa mtu, hakusahau mpaka kufa."

Diwani alikuwa ameinua mikono apige makofi, akaishusha. Lakini wale wakulima wote wakaguna kwa pamoja, mguno wa mtu aliyeona ng'ombe ndani ya shamba.

"Wa nani?" mwanamke mmoja akauliza nyuma. Michenga, mpunga ukikanyagwa, hilo ndilo swali la kwanza.

"Wa bibi mmoja wa huko," shangazi akajibu.

"Alimwomba radhi?"

"Kwa lugha gani?"

Padre akafungua kitabu chake. Siku hiyo marehemu huombewa kwa majina, akataja la Dionisi.

"Na yule bibi," shangazi akasema.

"Jina lake nani, mama?"

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimtazama diwani, akamtazama Jofrey, kisha padre, na sauti ikamtoka kama ile ya asubuhi.

"Padre, waliompeleka baba walimfundisha kulenga. Kuuliza jina hawakumfundisha."