Maji ya Shimo la Nne

Siku ile tulikuwa watano. Mzee mwenye uwanja, mstaafu wa serikali aliyerudi nyumbani Lushoto na kuufufua uwanja wa gofu uliokuwa umegeuka malisho. Mgeni wake, daktari kutoka Tanga, mnene na mcheshi. Mke wa daktari, aliyevaa viatu vyeupe na kuvijutia mapema. Mimi, mbeba mkoba na mkata nyasi. Na mama jirani, ambaye hakualikwa, aliyetukuta kwenye shimo la nne.

Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema, na hakuna hata mmoja niliyemrudia kukikanusha.

Uwanja wetu una mashimo sita tu. Anayetaka kumi na mawili anazunguka mara mbili. Gofu sikufundishwa na mtu. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini kabla mwaka haujaisha, nikabaki na wadogo watatu. Nilikuja uwanjani kuomba majani ya ng'ombe, mzee akaona ninavyotumia mundu, akaniajiri. Kwa kutazama mipira ya watu inakoangukia nikajua kila shimo linavyotaka kupigwa, hata wachezaji wakawa wananiuliza mimi.

Shimo la kwanza ni la mteremko na linadanganya. Mtu anaona bendera iko karibu, anapiga kwa nguvu, mpira unavuka hadi barabarani kwenye bodaboda za Lukozi. Nilimwambia daktari achukue fimbo fupi, alenge msonobari wa kulia. Akachukua ndefu.

"Dada, mimi ni mtu wa nguvu," akasema.

Mpira wake tuliukuta mtaroni. Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, huko ndiko unakotibia wagonjwa?"

La pili ni la kupanda na bendera haionekani. Unalenga bomba la moshi la nyumba ya mzee, na badala ya fimbo unayodhani inatosha unachukua inayoizidi urefu. La tatu uwanja umelalia kushoto, kwenye maharage ya watu. Ukipiga katikati, umepiga kwenye maharage. Unalenga uzio wa kulia kama vile unataka kuuvunja, ardhi yenyewe inakurudishia mpira. Hapo daktari alinisikiliza. Mpira ukazunguka taratibu ukasimama hatua mbili kutoka kwenye bendera, naye akanigeukia kama mtoto aliyepewa andazi.

"Mzee, huyu binti ni mchawi!"

Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi sana, dakika chache kabla.

Shimo la nne linakatwa na mfereji. Maji yake yanatoka msituni juu, yanapita uwanjani, yanashuka kwenye mashamba ya watu. Mchezaji mwenye akili hajaribu kuuvuka kwa pigo moja. Anaweka mpira kabla ya mfereji, kisha anauinua kwa pigo fupi hadi kwenye grini, lile duara la majani mafupi lenye bendera. Grini hiyo iko juani kutwa, udongo wake mwembamba, na wiki ile ya kiangazi ilikuwa imeanza kuwa rangi ya mkeka.

Mzee alikuwa ameniambia Jumatano, "Huyu mgeni akiupenda uwanja atatuletea wenzake. Akikuta majani yamekufa, binti, mimi na wewe tutafute kazi nyingine." Hakuniambia niibe. Alisema hivyo tu akaenda kunywa chai.

Maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu. Uwanja una Jumapili. Mgeni alikuwa anakuja Jumamosi. Alhamisi, tangu alfajiri hadi saa sita, ni ya mama jirani, na nilijua kwamba jioni ya Jumatano alikuwa amehamishia shambani miche yote ya kabichi. Nilijua kwa sababu nilimsaidia kubeba. Alinieleza kabisa, kabichi hizo zikienda sokoni Lukozi anaezeka jiko lake, lililokuwa limeng'olewa bati na upepo. Alisema amechoka kupikia chini ya nailoni.

Huyo ndiye aliyewalaza wadogo zangu kwake wiki tulizozika. Ndiye aliyenigawia nusu ya zamu yake mwaka wa kwanza, wakati sijui hata kushika jembe la kugeuzia maji.

Alhamisi alfajiri nilipanda hadi kwenye mlango wa mfereji, nikatoa mabonge ya udongo na kigogo cha mgomba, nikayaelekeza maji kwenye grini ya nne. Nilijiambia nusu saa. Nikayaacha hadi saa sita. Mama jirani siku ile alikuwa kliniki na mguu wake, akijua maji yanajiendea yenyewe shambani kama kila Alhamisi.

Sasa Jumamosi grini ilikuwa kijani kabisa. Daktari alivua kofia. "Hii ni kapeti, mzee! Unailisha nini?"

Hapo ndipo mama jirani alipotokea akipanda kutoka chini, anachechemea, mkononi ana mche wa kabichi ulionyauka kama kitambaa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Jamani, karibuni wageni." Alisalimia wote kwanza, hata mke wa daktari akampa pole ya mguu. Kisha akamwonyesha mzee ule mche. "Baba, maji ya Alhamisi hayakunifikia. Miche yote iko hivi. Hapa kwako hamkuona kitu?"

Mzee alitazama grini, akanitazama mimi, akatazama viatu vyake. "Labda fuko," akasema. "Wametoboa mfereji, maji yakapotelea chini. Au siyo, binti?"

Kila mtu alikuwa ananingoja. Bendera nilikuwa nimeishika mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni fuko, mama. Nimeona tundu lake."

Hata tundu niliongeza. Hakuna aliyeniuliza tundu.

"Ee, wanyama hawa!" akasema mama jirani. Akaguna, akautupa ule mche majini. "Basi mwanangu, ukipata nafasi nitegee mtego. Mimi kuinama siwezi." Akatuaga, akateremka.

"Mama mwema sana huyo," akasema mke wa daktari.

Shimo la tano linavuka bonde dogo, na kwa kawaida namwambia mchezaji asitazame chini. Lakini siku ile sikumbuki aliyepiga wala aliyefunga. La sita linapanda kurudi nyumbani kwa mzee, ni refu, na anayefika amechoka anapiga ovyo. Daktari alipiga vizuri. Alisema atarudi, na kweli amerudi, na wenzake. Kazi yangu ipo. Mdogo wangu wa pili yuko chuo cha ualimu.

Mtego niliutega. Ningeukataaje? Siku ya tatu ulinasa fuko mmoja mnene, ambaye kosa lake ni kuwa fuko, nikampelekea mama jirani ili aamini. Alifurahi, akanipa bakuli la maharage mabichi. Niliyapika, tukala na wadogo zangu, na mdogo wa mwisho akaomba nyongeza.

Masika yale mama jirani alipikia chini ya nailoni. Moshi wake niliuona kila jioni nikitoka kazini.

Ni misimu miwili sasa. Mara nne nimempa zamu ya maji ya shamba letu, nikisema mimi siihitaji. Kanisani anawaambia watu nina moyo kama wa marehemu mama yangu. Kwa hiyo hata hilo halikuwa malipo, limenizidishia deni. Kwenye mfereji wetu zamu iliyochukuliwa hairudishwi kimyakimya. Siku ya kusafisha mfereji, watu wote wakiwa na majembe, aliyechukua anasimama, anasema alichukua ya nani na siku gani, na mwenyewe anaamua atalipwaje. Nimehudhuria mara mbili. Mara zote mbili nilichimba kuliko wote, nikarudi nyumbani na maneno yangu.

Jumamosi ijayo tunasafisha tena. Mzee ana wageni, nami nimemwambia sitafika kazini. Nina zamu moja ya mama jirani, ya Alhamisi, alfajiri hadi saa sita, na bado iko kwangu.