Makochi Nje, Magitaa Ndani

Binti yetu wa mwisho alipopangiwa siku ya ndoa, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, aliniomba kitu kimoja tu. Hakuomba vyombo wala kabati. Alitaka kuingia ukumbini kwa wimbo wa baba yake.

Wimbo huo hauna maneno. Marehemu mume wangu aliutunga kwa gitaa lake, na kila jioni aliupiga sebuleni kwetu hapa Mbeya, mimi nikipepeta mchele na watoto wakigombania nafasi karibu na taa. Hakuuandika, wala hakuurekodi. Aliponifundisha kuupiga nilikuwa nimekwisha kuzoea kujifunza mambo ukubwani: mtihani wa kidato cha nne niliufanya binti huyuhuyu akiwa bado ananyonya, na sioni haya kusema kwamba vidole vyangu vilishika nyuzi kwa nidhamu ileile iliyoshika kalamu. Alipofariki, nilibaki mimi peke yangu ninayeujua. Nisingeupiga kama alivyoupiga yeye, bibi harusi angeingia ukumbini bila baba.

Shida ilikuwa gitaa. Lile la marehemu, la mbao za mninga, lilipasuka mgongo kiangazi kilichofuata msiba, gundi ikaachia, na hakuna aliyeweza kulirudishia sauti yake. Nilijaribu kwanza studio moja ya Mwanjelwa. Walinipa gitaa lao jepesi lenye sauti ya bati, wakanirekodi vizuri, kisha wakafanya hisani ambayo sikuiomba: wimbo ulirudi kwangu umevalishwa ngoma za kompyuta, unarukaruka kama tangazo la sabuni. Niliwashukuru, nikaondoka. Nikaamua kwamba nitatafuta gitaa la hakika, na nitarekodi nyumbani mwangu mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata Jumatano ya Majivu nilikwenda Iringa, anakokaa wifi yangu, dada wa marehemu. Wifi husimulia kwamba tulikwenda kwa fundi wa magitaa Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi, Ijumaa nilikuwa nimekwisha kurudi Mbeya, nafua.

Fundi huyo ana karakana upande wa mlimani, na hakuwa mtu wa kujificha.

"Kamwene, mama! Karibu kwa fundi anayejulikana mpaka ng'ambo."

"Na hapa Iringa unajulikana?" wifi alimwuliza.

"Hapa Iringa wananijua kwa vitanda."

Alituonyesha mbao kabla ya kutuonyesha magitaa. Alizishika moja moja kwa vidole viwili, akazigonga kwa kifundo cha kidole, akatutaka tusikilize. Mimi nimeimba kwaya ya kanisa tangu usichana, na sina kipimo kingine cha sauti zaidi ya kile cha kwaya: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kutoka nyembamba mpaka nene. Mkangazi niliupa sauti ya tatu, sauti ya mwanamume mpole asiyetaka ugomvi. Mpingo ulinishangaza. Ulikuwa na sauti ya kwanza na ya nne kwa pamoja. Chini ulinguruma, juu ulimeremeta, na katikati hapakuwa na mtu. Mninga, wenye rangi ya chai iliyokolea, ulikuwa sauti ya pili tupu. Hiyo ndiyo sauti ambayo hakuna anayeisifu mpaka Jumapili ile wanaoiimba wasipofika.

"Mninga ni wa makabati, mama," alisema fundi. "Gitaa ni mpingo. Ukiudondosha sakafuni unalia kama kengele."

"Sisi hatutaki kuudondosha," alisema wifi.

Magitaa yenyewe yalikuwa mawili tayari, la mninga na la mpingo, yote yakiwa na uso wa mbele wa mwerezi, ubao mwepesi, mwekundu kidogo, wenye harufu ya sanduku la Biblia ya zamani. Yalikuwa kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Niliyapiga yote, lakini ndani ya karakana misumeno ilikuwa inalia na wifi alikuwa hanyamazi, nikashindwa kuamua. Mpunga wa shamba letu la Ubaruku ulitosha kulipia moja, si mawili. Fundi akaniruhusu nichukue yote nikayasikilize nyumbani, kwa sharti kwamba moja lirudi kabla ya Alhamisi Kuu. Mteja wake mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa amekwenda upande wa Idodi, mbugani, angepita kuchukua litakalobaki.

Basi muda wangu ukawa huo. Wifi alikuja Mbeya Jumapili ya Matawi kusaidia maandalizi ya harusi, na Jumatatu tukafanya majaribio. Nilikuwa nimenunua maikrofoni na kisanduku chake cha kuunganishia kwenye kompyuta, na wifi nilimkabidhi kitufe chekundu cha kurekodia.

Niligundua mapema kwamba mashine haina adabu. Sikio la mtu huchagua la kusikia; maikrofoni huzoa yote. Nilipoiweka mbele ya tundu la gitaa, sauti ilitoka kama ya mtu anayehutubia ndani ya pipa. Nilipoisogeza mpaka pale shingo inapoungana na tumbo, nyuzi zikaanza kutamka. Lakini kila nilipogusa uzi mnene, bilauri za kwenye kabati la vioo ziliitikia. Kuta za saruji zilirudisha kila noti. Na makochi yalilia kila wifi alipopumua.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Sasa mbona unaongea?"

"Si umeniuliza wewe!"

Jumanne ya Juma Kuu, asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza kupiga bati, tulifanya ilivyopasa kufanywa. Tuliyatoa makochi yote barazani. Kabati la vioo tulilisukumia koridoni. Tukaleta magodoro yote ya nyumba, mengine tukayaegemeza ukutani, mengine tukayatandika sakafuni. Madirisha tukayafunika kwa mablanketi. Simu tukazizima. Kisha tukanyamaza.

Nilianza na mpingo. Sitausingizia: ulikuwa mzuri kupita kiasi. Uzi ulioguswa uliendelea kuimba muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Mninga ulipofuata, katika ukimya ule wa magodoro, ulisikika mkavu na mwenye haya, kama mtu aliyeitwa kusoma somo kanisani naye amesahau miwani.

"Chukua mpingo," alisema wifi. "Kaka angekuwa hai angechukua mpingo."

"Kaka yako alikuwa na mninga."

"Kwa sababu hakuwa na mpingo!"

Niliurudia wimbo kwa mpingo, na ulikuwa unapendeza, lakini haukuwa wake. Wimbo wa marehemu una haraka yake. Noti moja hutoka mlangoni na nyingine inaingia. Kwenye mpingo noti zilikuwa zinakaa, zinangoja wenzao, mpaka zinakanyagana. Hata hivyo nilijiambia kwamba huenda masikio yangu ndiyo yamezeeka, na kwamba kesho gitaa moja lazima lisafiri. Nikavuta pumzi niupige mara ya mwisho, wifi akabonyeza kitufe, nikafika katikati, pale penye utamu wenyewe, na mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Uwii! Mama wee! Nani tena?"

Alikuwa jirani yangu wa upande wa kisimani, kanga imefungwa kiunoni, sahani ya unga kichwani, machozi tayari. Nyuma yake waliingia wanawake wengine wa mtaa, mmoja na kuni, mmoja na sufuria kubwa. Walijitupa juu ya magodoro wakaanza kulia.

Hapo ndipo nilipoyaona makochi yangu kwa macho ya mtaa. Kwetu msiba haungoji tangazo. Viti vikishatolewa nje, magodoro yakatandikwa sebuleni, madirisha yakafunikwa na simu zikawa hazipatikani, hakuna anayeuliza. Mtu hufunga kanga na kuja. Mara ya mwisho makochi yale kukaa barazani, ilikuwa kwa ajili ya mume wangu.

"Hakuna aliyekufa!" nilisema.

"Usijikaze, mwenzangu. Lia tu."

"Nasema hakuna aliyekufa. Tunarekodi gitaa."

Kilio kilikatika vipande vipande, kila mmoja kwa wakati wake. Jirani yangu alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akaitazama maikrofoni, akanitazama mimi, akamtazama wifi.

"Mnarekodi gitaa. Na makochi yamekosa nini?"

"Yanalia," alisema wifi.

"Sisi je? Hatukulia?"

Nje, wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuleta turubai la mtaa na walikuwa wanachimba shimo la nguzo katikati ya mchicha wangu. Ilibidi nitoke kuwazuia. Mmoja alisema ni mara yake ya kwanza kufukuzwa msibani na mfiwa mwenyewe. Niliporudi ndani nilikuta wanawake wamejinyoosha juu ya magodoro, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mwingine amekwisha kupeleka sufuria jikoni, kwa sababu unga ukishaletwa haurudi.

"Sasa sikiliza," jirani yangu aliniambia. "Nimeacha mahindi juani. Nimelia bure, na machozi yangu si ya kuchezea. Angalau utupigie huo wimbo."

Nilichukua mpingo, nikawapigia. Walisikiliza kwa heshima, mikono mapajani, na nilipomaliza walipiga makofi.

"Zuri," alisema jirani. "La hotelini."

"Piga na lile jingine," alisema mwenye kuni.

"Haya, piga," jirani aliongeza, "ila makochi hayo leo mtayarudisha wenyewe!"

Walicheka tena. Nikauchukua mninga.

Sikuwaomba waimbe. Wengi wao walifundishwa sauti na marehemu mume wangu katika kwaya, na wimbo ule walikuwa wameusikia kwa miaka mingi kupitia dirishani, wakipita na ndoo zao. Sikujua kwamba wanaujua. Noti chache tu, na jirani yangu akaanza kuufuata kwa kinywa kilichofumbwa, sauti ya kwanza, nyembamba, bado ina mikwaruzo ya kilio. Mwenye kuni akashika ya tatu, chini yake. Hakuna aliyeshika ya pili. Nafasi hiyo iliachwa wazi, na gitaa la mninga likaingia humo, likakaa. Ule ukavu niliokuwa nauonea aibu asubuhi ndio ulikuwa ukiwapisha. Kila noti ilisema neno lake ikaondoka, na sauti za wanawake zikapita. Jikoni mfuniko wa sufuria ulikuwa unagongagonga, mtu anauliza chumvi iko wapi, na mimi nilikuwa nasikia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, wimbo wa mume wangu. Hakuwahi kuupiga katika nyumba yenye ukimya. Ukimya tuliuleta sisi, kwa magodoro.

Nilipomaliza nilimgeukia wifi, nikiwa na huzuni kwamba hayo yote yamepotelea hewani. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mashavu yamelowa.

"Ungebonyeza japo mara moja tu," nilimwambia.

"Nibonyeze nini? Sijazima tangu huyu aingie na unga wake."

Jumatano wifi alilipeleka gitaa la mpingo Iringa. Jioni fundi alinipigia simu.

"Mama, umeuacha mpingo? Kweli?"

"Ni gitaa zuri sana, fundi. Mpe mtu anayekaa peke yake."

Nilimwagiza wifi akate kila kitu kilichotangulia noti ya kwanza ya mninga: kilio, maneno, kicheko. Alisema amekata.

Jumamosi ile ya harusi ukumbi ulisimama. Binti yetu alitokea mlangoni, ameshika mkono wa baba yake mdogo, na kutoka mbali niliona leso tayari mkononi mwake. Alikuwa amejiandaa kulia. Spika zikakoroma kidogo. Kisha, mbele ya wageni wote na mchungaji, ikatoka sauti ya jirani yangu: "Haya, piga, ila makochi hayo leo mtayarudisha wenyewe!"

Ukumbi mzima ulitazamana. Binti yetu alifunika mdomo, akashindwa, akaangua kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani. Alikuwa bado anacheka mninga ulipoanza, na wale wanawake kwenye spika wakaufuata, na wanawake walewale, wakiwa meza ya nyuma na sare zao, wakajifuata wenyewe. Ndipo akaanza kutembea.

Wifi anasema alisahau kukata kipande hicho. Anasema pia kwamba makochi tuliyarudisha ndani Jumanne ileile. Tuliyarudisha Jumatano alfajiri, kabla ya basi lake.